Magari yamegongana uso kwa uso, mbona kwenye daftari langu yanazidi kukimbia?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naendesha bodaboda hapa Tanga. Shule niliachia kidato cha pili mambo ya nyumbani yalipokaa vibaya, na sasa najiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana napiga kazi, jioni naenda tuisheni, usiku nasoma, na umeme ukikatika nasoma kwa tochi ya simu. Baiolojia naimudu, kemia nasukuma hivyohivyo. Fizikia nilikuwa naenda nayo vizuri mpaka nilipofika kwenye momentamu. Hapo chombo kikazima.

Mwalimu wetu wa tuisheni aliifundisha kwa dakika kama ishirini. Akaandika ubaoni kwamba momentamu ni tungamo, yaani kilo za kitu, mara kasi, akasema, "Hii ni nguvu ya kitu kinachotembea, karirini, maswali ni yaleyale," kisha akafuta. Nilipomuuliza kwa nini jibu langu halifanani na la nyuma ya kitabu, akanijibu kwamba nina haraka ya kuelewa.

Swali lenyewe ni hili. Gari la kilo 1,200 linakwenda mashariki kwa mita 15 kwa sekunde. Linagongana uso kwa uso na gari la kilo 800 linalokwenda magharibi kwa mita 20 kwa sekunde. Yanashikana. Baada ya hapo yanakwenda kwa kasi gani? Mimi nilifanya hivi: 1,200 × 15 = 18,000. Halafu 800 × 20 = 16,000. Nikajumlisha nikapata 34,000, nikagawa kwa kilo zote 2,000, ikaja mita 17 kwa sekunde. Kitabu kinasema 1. Moja tu, Mwalimu! Nimerudia mara nne na kikokotoo, kila mara 17.

La pili ni la gobore. Gobore la kilo 4 linafyatua risasi ya gramu 20 inayotoka kwa mita 300 kwa sekunde. Gobore linarudi nyuma kwa kasi gani? Nilipata mita 1,500 kwa sekunde. Hilo hata mimi nililionea aibu.

La mwisho si la kitabuni. Tulibishana kijiweni: fuso likiigonga bodaboda iliyosimama, nani anapigwa kwa nguvu kubwa zaidi? Wote tukasema bodaboda, kwani nani hajaona zinavyokuwa? Mzee mmoja fundi pikipiki akasema nguvu ni sawasawa. Tulimcheka mpaka wateja wakageuka kutuangalia. Nimemwekea dau la bakuli la supu ya pweza, na dau nimelitangaza mbele ya watu. Naomba msaada wako.

Boda wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo mita 17, kwa sababu ndani yake mna kosa moja tu, tena kosa la heshima. Wewe unashinda barabarani. Niambie, umewahi kuona magari mawili yakikutana uso kwa uso, halafu yakaondoka yameshikana, yanakwenda mbio kuliko lile zito lilivyokuwa likienda kabla ya ajali? Gari zito lilikuwa kwenye mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Umelikutanisha na jingine linalolijia usoni, na badala ya kulipunguza ukalipandisha hadi kilomita 61. Mtu akija kijiweni na simulizi hiyo mtamwuliza amekunywa nini. Wewe umeikubali kwa sababu kikokotoo ndicho kilichosema.

Kosa limeanzia kwenye lile neno "nguvu" ulilopewa ubaoni. Momentamu si nguvu. Nguvu, ambayo darasani tunaiita kani, ni kusukuma au kuvuta, na lazima pawe na wawili: anayesukuma na anayesukumwa. Momentamu kitu kinakuwa nayo hata kikiwa peke yake barabarani, hakijagusa chochote. Isaac Newton, alipoieleza mwaka 1687, hakuiita nguvu. Aliandika kwa Kilatini maneno ambayo kwa Kiswahili ni "kiasi cha mwendo". Mimi jina hilo nalipenda kuliko hili tunalotumia, maana linajieleza. Mwendo una kiasi kama unga ulivyo na kiasi. Kiasi hicho kinategemea kilo ngapi zinakwenda, na zinakwenda kwa kasi gani kuelekea wapi.

Hilo la "kuelekea wapi" ndilo ulilolisahau. Ulipoona kasi mbili, 15 na 20, ukaziona kama namba tupu. Kwenye fizikia kasi ikiambatana na upande wake inaitwa velositi, na momentamu inahesabiwa kwa velositi. Usijilaumu sana. Mfaransa René Descartes, ambaye si mtu wa kuchezea kwenye hisabati, aliandika mwaka 1644 kwamba kiasi cha mwendo duniani hakipungui, lakini akakihesabu kwa ukubwa wa kitu na kasi yake tu, bila kuangalia upande. Kosa lilelile lako. Ilibidi wengine waje kusahihisha, hasa Mholanzi Christiaan Huygens, aliyeonyesha kwamba jumla inabaki ileile ukihesabu na mwelekeo, na usipouhesabu haibaki. Kwa hiyo uko kwenye kundi la watu wakubwa, ila Descartes hakuwa na mtihani wa taifa.

Sasa chukua daftari. Kabla ya kugusa namba, chora mstari. Wewe ni mtu wa Tanga, mashariki kwako ni baharini, magharibi ni upande wa Muheza. Amua kwamba kwenda baharini ni chanya. Ukiamua hivyo, kila kinachokwenda upande wa Muheza kinabeba alama ya kutoa, hupendi unapenda. Gari la kwanza: 1,200 × 15 = 18,000. Gari la pili: 800 × (−20) = −16,000. Jumla yake ni 2,000. Kipimo chake ni kilogramu mita kwa sekunde. Kiandike, kuna alama pale watu wanaziacha bure. Baada ya kushikana ni chuma kimoja cha kilo 2,000. Gawa 2,000 kwa 2,000, unapata mita 1 kwa sekunde, tena ni chanya, maana yake kuelekea baharini. Hiyo ni kilomita 3.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Magari yamekaribia kumalizana, lile lenye kiasi kikubwa kidogo likamburuta mwenzake hatua chache.

Wewe si una hesabu ya bosi kila jioni? Siku umeingiza elfu 18 na hesabu ni elfu 16, huendi nyumbani ukamwambia mkeo leo nimepata elfu 34. Unatoa. Ile alama ya kutoa ni hesabu ya bosi.

Najua swali litakalokuja kichwani ukishatulia, kwa sababu darasani lilikuwa linakuja kila mwaka: mwendo wote ule umekwenda wapi? Magari yalikuwa yanakimbia, sasa yanajikokota, halafu mwalimu anasema hakuna kilichopotea. Hapa ndipo momentamu na nishati ya mwendo zinapoachana, na ndipo wengi wanapozichanganya. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi. Kwa kuwa kasi inajizidisha yenyewe, alama ya kutoa inakufa; nishati haina upande. Gari la kwanza lilikuwa na jouli 135,000, la pili 160,000, jumla 295,000. Baada ya ajali zimebaki jouli 1,000. Zile 294,000 ziko kwenye bodi iliyojikunja, kwenye chuma kilichopata moto, kwenye ule mshindo uliosikika mtaa wa pili. Nishati imebadilika sura. Momentamu haina pa kujificha namna hiyo, haigeuki joto wala kelele. Ilikuwa 2,000 kabla, ni 2,000 baada. Swali likikwambia vitu vimeshikana, tumia momentamu. Ukijaribu kusawazisha nishati ya mwendo utapotea.

La gobore nitalipitisha haraka, maana mwenyewe umeshaona halikai sawa. Mita 1,500 kwa sekunde ni zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti hewani. Mwindaji asingekuwa na bega la kuuliza swali. Uliweka 20 bila kubadilisha gramu kuwa kilo. Gramu 20 ni kilo 0.02, na 0.02 × 300 ni 6. Kabla ya kufyatua kila kitu kilitulia, jumla sifuri, kwa hiyo baada ya kufyatua jumla iwe sifuri pia: risasi imechukua 6 kwenda mbele, gobore lichukue 6 kurudi nyuma. 6 gawa kwa 4 ni mita 1.5 kwa sekunde. Andika −1.5 kama mbele umeiita chanya. Umeona alama ya kutoa imerudi tena?

Kama huna gobore, nenda ufukweni. Ruka kutoka kwenye mtumbwi uliolegezwa kamba uone unavyokukimbia nyuma. Mimi nimekulia Pangani, na somo hili nililipata nikiwa na miaka tisa pamoja na ndoo ya dagaa iliyoishia majini. Jina lake nililijua baadaye sana.

Lakini kuna sharti ambalo mwalimu wako wa dakika ishirini nadhani hakulifikia. Jumla ya momentamu inabaki ileile iwapo hakuna kani ya kutoka nje inayoingilia kati. Kwenye kugongana tunairuhusu kwa sababu tukio ni la kufumba na kufumbua, na msuguano wa lami haupati nafasi ya kufanya la maana. Ukishika breki, mambo ni mengine. Barabara inakusukuma nyuma kwa muda, na momentamu yako inapungua. Inapungua kwa kiasi gani? Kani mara muda. Hiyo ndiyo hesabu ambayo ningependa uielewe hata kama mtihani hautaiuliza, kwa ajili ya kazi yako.

Tuseme pikipiki ina kilo 120 na wewe kilo 60. Unakwenda mita 10 kwa sekunde, yaani 36 kwa saa, mwendo wa mtaani. Momentamu ni 180 × 10 = 1,800. Breki zako tuseme zinatoa kani ya nyutoni 900. 1,800 gawa kwa 900, unasimama kwa sekunde 2. Kasi ya wastani kutoka 10 hadi sifuri ni 5, kwa hiyo umetumia mita 10 za barabara. Sasa umepiga mshikaki. Usinikatalie, nyote mnapiga. Abiria wawili wa kilo 60 kila mmoja, jumla kilo 300, momentamu 3,000. Breki ni zilezile. Unahitaji sekunde 3.3 na karibu mita 17. Zile mita saba za ziada ndimo anamokuwa mtoto anayefukuza mpira. Spidi kwenye mshale haikubadilika hata kidogo, ndiyo maana dereva anaapa kwamba hakuwa mbio, na anasema kweli.

Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inakueleza helmeti. Kichwa kinachokwenda lazima kisimame, momentamu yake lazima iishe, hapo hakuna mjadala. Cha kuchagua ni muda. Kichwa cha kilo 5 kwenye mita 8 kwa sekunde kina 40. Kikikutana na lami kikavu na kusimama ndani ya sekunde 0.002, kani ni nyutoni 20,000. Lile povu la ndani ya helmeti likibonyea na kuufanya muda uwe sekunde 0.008, kani inashuka hadi 5,000. Povu halikupunguza momentamu hata chembe, limenunua muda tu. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwa yai bichi: wawili wanashika khanga, wanaiacha ilegee katikati, wa tatu anarusha yai kwa nguvu zake zote. Halivunjiki. Lirushe ukutani kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, linavunjika. Katika miaka yote nilivunja yai moja tu kwenye khanga, na hilo lilipita juu ya khanga likampata mwalimu wa jiografia.

Neno moja la pembeni kabla sijasahau. Katika karatasi ya mtihani utakutana pia na "momenti", inayofanana kwa sauti na momentamu. Hiyo ni habari ya kuzungusha: spana yenye mpini mrefu inalegeza nati kirahisi kuliko fupi. Ni kani mara umbali, haina kasi ndani yake. Ukiona egemeo, mizani au spana, hiyo ni momenti. Ukiona kitu kinakwenda, kinagonga, kinafyatuliwa, rudi kwenye mstari wako wa baharini na Muheza.

Sasa la kijiweni.

Fuso na mzigo wake tuseme ni kilo 7,800, linakwenda mita 10 kwa sekunde. Bodaboda imesimama, nayo na dereva wake ni kilo 200. Kabla ya kugongana: fuso 78,000, bodaboda sifuri. Tuseme vimekwenda pamoja baada ya kugongana. Kilo zote ni 8,000, kasi ni 78,000 gawa kwa 8,000, mita 9.75 kwa sekunde. Angalia kila mmoja kapata nini. Bodaboda imetoka sifuri ikafika 9.75, momentamu yake imeongezeka kwa 200 × 9.75, yaani 1,950. Fuso limetoka 10 likafika 9.75, limepungua 0.25 tu. Zidisha: 7,800 × 0.25. Ni 1,950.

Zidisha tena kama huamini. Kile alichokipata mmoja ndicho alichokipoteza mwingine, na kugusana kwao kulichukua muda uleule kwa wote wawili, kwani huwezi kuguswa na mtu kwa muda mrefu kuliko yeye anavyoguswa na wewe. Kama mabadiliko ya momentamu ni sawa na muda ni sawa, kani ni sawa. Wakigusana kwa sekunde 0.1, ni nyutoni 19,500 kwa bodaboda na nyutoni 19,500 kwa fuso, zikielekea pande tofauti.

Mlichokiona barabarani ninyi nyote ni cha kweli, ila mlikiita jina lisilo lake. Kani ileile ikimpata mwenye kilo 200 inamrusha kutoka kusimama hadi karibu mita 10 kwa sekunde ndani ya kufumba na kufumbua. Ikimpata mwenye kilo 7,800 anahisi kama amegusa breki kidogo. Tofauti iko kwenye mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika haraka, ambao kwa bodaboda ni mara 39 ya ule wa fuso. Mwili wa mtu unaumizwa na huo mchapuko na chuma kinachojikunja juu yake, na fuso halina mwili wa kuumia. Hata dereva wa fuso amekaa juu kwenye kiti chake, kikombe cha chai kikimwagika.

Waeleze kijiweni kwa namba hizi, chora mchangani kwa kijiti. Wakibisha, waache wazidishe wenyewe. Halafu mtafute yule mzee fundi, umpe shikamoo yake, na umnunulie supu. Pweza awe wa leo, na chapati mbili ziwe juu yako, kwa kuwa ulimcheka mbele ya wateja.